Nilinunua pasi ya skii ya msimu mzima, ya milima mingi Colorado: ina thamani Jumanne, si Jumamosi

Pasi hiyo, yaani kadi ya kukuruhusu kuteleza kwenye theluji kwa mbao (skii) msimu mzima, niliinunua mwezi wa nne 2024, theluji ya msimu uliokuwa unaisha ikiwa bado haijayeyuka vileleni, kwa bei iliyokaribia dola elfu moja. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimekaa jikoni kwangu Aurora, jirani na Denver, nimetoka zamu ya usiku, napiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Tiketi ya siku moja dirishani, kwenye milima mikubwa ya hapa, wakati wa sikukuu, ilikuwa inagonga dola 300. Siku nne tu pesa yangu imesharudi. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Ambacho hakikuandikwa kwenye ile bahasha ni foleni.

Nijitambulishe kidogo, maana najua swali litakuja: Mchaga anafanya nini kwenye skii? Nimezaliwa Moshi, nimekua nikiuona Kibo kila asubuhi isiyo na mawingu, na sikuwahi kuigusa theluji kwa mkono wangu mpaka nilipofika Denver nina miaka thelathini na miwili. Walionivuta ni wanangu wawili, waliojifunza kuteleza kabla hawajajua kufunga kamba za viatu vizuri. Wakenya wana Philip Boit wao, aliyeshindana skii kwenye Olimpiki ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998 akamaliza wa mwisho, na bingwa mwenyewe, Bjørn Dæhlie, akamsubiri mstarini amkumbatie. Mimi huku chini husubiriwa na binti yangu Neema. Hakumbatii mtu. Anatazama saa.

Sasa pasi yenyewe. Kwa aliyezoea simu, hili ni bando. Unalipa mara moja, unateleza msimu mzima, kwenye milima mingi, mingine bila kikomo na mingine kwa siku zilizohesabiwa. Kadi inakaa mfukoni, geti linaisoma bila hata kuitoa, linafunguka. Kwa Marekani zinazotawala ni mbili: Epic ya kampuni ya Vail Resorts, iliyoanza 2008 kwa dola 579, na Ikon ya Alterra, iliyoingia sokoni kwa msimu wa 2018 hadi 2019. Masika ile niliyonunua mimi, Epic kamili ya mtu mzima ilianzia dola 982 na Ikon kamili dola 1,249, na zote hupanda bei kadiri baridi inavyokaribia. Nimeshawahi kuwa na zote mbili kwa miaka tofauti. Mlima ulionitesa sitautaja, kwa hiyo msinitafute pembeni kuniuliza.

Kitu cha kwanza nilichochelewa kukielewa ni kwamba pasi haiuzi kuteleza, inauza hali ya hewa. Wahaya wana neno lao, butura: kahawa inauzwa ikiwa bado mtini, mwenye shamba anapata fedha mapema, mnunuzi anapata bei ya chini. Nyumbani butura inapigwa vita kwa sababu mkulima ndiye anayeumia. Huku mwenye shamba ndiye aliyeneemeka. Ninalipa mwezi wa nne kwa mavuno yaliyo bado mawinguni. Theluji isipoanguka, hasara ni yangu. Kampuni ilishapokea, ilishapanga bajeti, ilishaagiza lifti, yaani vile viti vinavyoning'inia kwenye kebo kupandisha watu mlimani. Zamani mwaka mkavu ulikuwa unaweza kuuangusha mlima mzima. Wazo la kushusha bei ili watu wengi walipe mapema lina historia ndefu kidogo: mwaka 1998 mlima mdogo wa Bogus Basin, karibu na Boise kule Idaho, unaoendeshwa bila faida, ulishusha pasi yake hadi dola 199, na milima ya Colorado ikaanza kushindana bei muda huohuo. Walichoongeza wakubwa ni kuunganisha milima mingi kwenye kadi moja.

Haya, twende Jumamosi.

Jumamosi ya katikati ya Januari tulitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, mimi, mume wangu na watoto, uji kwenye chupa. Barabara ni moja, I-70. Siku ya kawaida ni saa moja na nusu. Lakini barabara hiyo inapanda mpaka kwenye handaki la Eisenhower, mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, njia mbili kila upande, na kila mwenye pasi wa Denver ana wazo lilelile la kuamka mapema. Tulifika saa mbili na nusu. Maegesho ya bure yalikuwa yameshajaa. Tukaenda ya kulipia, dola 30, tukasubiri basi, tukavaa vile viatu (asiyewahi kuvaa viatu vya skii afikirie kutembea na miguu ndani ya ndoo mbili za zege), na kiti cha kwanza tulikikalia saa nne kasorobo. Nusu ya juu ya mlima ilikuwa imefungwa. Si kwa upepo wala kwa kukosa theluji. Kijana wa getini alituambia kwa upole kwamba hawana watu wa kutosha kuendesha lifti zote.

Kwa hiyo umati wote ukabanwa chini. Nilipima kwa saa: dakika hamsini na mbili kwenye mstari mmoja. Watu wamesimama na mbao zao zinakanyagana kama mbuzi mnadani. Tuliteremka mara nne siku nzima. Mteremko mmoja ni kama dakika nane. Yaani kutoka saa kumi na moja alfajiri hadi tuliporudi nyumbani saa moja na nusu usiku, tuliteleza dakika thelathini na mbili. Mwanangu mdogo aliuliza swali ambalo sijawahi kupata jibu lake: "Mama, kwani tumelipia kusimama?"

Nilikasirika wiki nzima. Halafu zamu moja ya usiku, wagonjwa wamelala, nikajiuliza: ile Jumamosi, kama ningekuwa natakiwa kutoa dola 250 mfukoni asubuhi ile, na nilishaona kwenye simu kwamba barabara ni nyekundu kuanzia mji wa Golden, ningeenda? Nisingeenda. Ningegeuza upande wa pili nikalala. Nilienda kwa sababu siku ile ilikuwa "ya bure". Mwenye bando lisilo na kikomo haulizi video ni ndefu kiasi gani. Na pembeni yangu kwenye ule mstari walikuwepo mamia waliopiga hesabu hiyohiyo kwenye bahasha zao. Foleni ile haikuletwa na wageni wa Texas tunaopenda kuwasingizia. Ilikuwa mimi na wenzangu wenye kadi mfukoni.

Nisije nikaitupia pasi kila lawama. Beaver Creek ilifunguliwa 1980, na tangu hapo Colorado haijapata mlima mpya mkubwa kama ule. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni misitu ya serikali kuu, na kuanzisha mlima mpya hapo si jambo la mwaka mmoja. Marekani nzima, mwanzoni mwa miaka ya themanini kulikuwa na sehemu za skii zaidi ya 700. Leo hazifiki 500. Lakini msimu wa 2022 hadi 2023 ulivunja rekodi: ziara milioni 65.4. Milima imepungua, watelezaji wameongezeka, na Denver imejaa watu, nikiwemo mimi. Pasi haikuzaa umati huo wote. Ilichofanya ni kuuondolea breki.

Na breki ikiondolewa ghafla, tumeshaona matokeo. Mwaka 2021 Vail Resorts walikata bei kwa asilimia 20, Epic ikashuka kutoka dola 979 hadi 783, wakauza pasi zaidi ya milioni mbili. Majira yale ya baridi wafanyakazi hawakutosha. Kule Stevens Pass, mlima wao wa jimbo la Washington, watu zaidi ya 40,000 walitia saini malalamiko kwamba wamelipia mlima ambao nusu yake haifunguki. Niliposoma habari ile baadaye nilihisi kama mtu ameandika kuhusu Jumamosi yangu. Kampuni ikapandisha kima cha chini cha mshahara hadi dola 20 kwa saa msimu uliofuata. Lakini msimu wangu huu wenyewe, kuanzia Desemba 27, 2024 hadi Januari 8, 2025, wanadoria wa usalama wa Park City, Utah, mlima wa kampuni hiyohiyo, kama 200, waligoma kudai nyongeza. Hao ndio wanaolipua theluji alfajiri isije ikaporomokea watu, na ndio wanaokubeba ukivunjika mguu. Bila wao mlima haufunguki, uwe na lifti ya dhahabu. Wiki ya mwaka mpya, walioruka kutoka mbali na familia zao walikuta sehemu ndogo tu imefunguliwa.

Hapo ndipo ninapofika kwenye uwekezaji, kwa sababu hoja kubwa ya wanaotetea pasi ni hii: pesa yako ya masika inajenga. Ni kweli, nimeiona kwa macho. Kwa mwaka 2022 peke yake Vail Resorts walitenga zaidi ya dola milioni 300, sehemu kubwa kwa lifti mpya. Steamboat, ya Alterra, imepata gondola mpya ndefu (vibanda vilivyofungwa vinavyoning'inia kwenye kebo) inayokwenda hadi juu, ilikamilika 2023. Mlima mmoja mdogo ukijitegemea hauna ubavu wa kuagiza hivyo.

Ila lifti mpya inafanya nini hasa? Hili nililichunguza, maana kwenye kiti hicho unakuwa na muda. Lifti ya zamani kiti kimebana kebo moja kwa moja. Kinakujia kwa mwendo uleule wa kebo, kwa hiyo kebo lazima iende polepole, mita mbili na nusu hivi kwa sekunde, la sivyo kingewavunja watu magoti. Lifti mpya kiti kikifika kituoni kinaachia kebo, kinajikokota taratibu ukae, kisha kinaibana tena na kuondoka kwa mwendo mara mbili. Safari inakuwa nusu. Watu wengi wanadhani basi na foleni inakuwa nusu. Hapana! Foleni inategemea viti vinapita kwa muda gani na kila kimoja kinabeba wangapi. Kiti cha watu wanne kila sekunde sita ni watu 2,400 kwa saa, kiende polepole kiende haraka. Ukitaka foleni ipungue, weka kiti cha watu sita: sasa ni 3,600.

Mlima wangu mmoja waliweka hicho cha watu sita. Mstari wa chini ukapungua kweli, dakika ishirini na tano zikawa saba au nane. Nikafurahi mpaka nilipofika juu. Watu 1,200 zaidi kila saa walikuwa wanamwagwa kwenye njia ileile, nyembamba kama ilivyokuwa, na barafu tupu ilipofika saa sita kwa sababu theluji yote imeshakwanguliwa. Kijana mmoja wa wale wanaoteleza kwa ubao mmoja alimpita Neema kwa upana wa kiganja. Kusimama mstarini kunachosha. Kusimama katikati ya mteremko ukiangalia nyuma kama unavuka Barabara ya Morogoro kunatisha.

Wenyeji nao si wajinga, wanaliona hilo. Park City, mwaka huohuo 2022, wakazi walipinga kibali cha lifti mbili mpya, hoja yao ikiwa maegesho na msongamano. Wakashinda. Zile lifti zilikuwa zimeshanunuliwa, zikapelekwa Whistler, Kanada. Na kwenye mji wa Vail wenyewe, hapa Colorado, kampuni ilipotaka kujenga nyumba za wafanyakazi 165, baraza la mji likapiga kura kuichukua ardhi ile, kwa sababu kondoo wa mlimani wenye pembe kubwa hujibanza pale wakati wa baridi. Sina ugomvi na kondoo. Ila yule kijana wa Peru aliyenishikia kiti Februari aliniambia wanalala sita kwenye chumba cha wawili, na pesa ya pasi yangu haijafika chumbani kwake. Lifti inapigwa picha, inatangazwa. Kitanda cha mfanyakazi nani atakitangaza?

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Arapahoe Basin. Mlima wa juu sana, maegesho machache, ulikuwa kwenye Epic tangu mwanzo. Watu wakaujaza mpaka wenyewe wakaomba kutoka. Wakatoka baada ya msimu wa 2018 hadi 2019, wakajiunga na Ikon kwa siku chache zilizohesabiwa, na wakaanza kupunguza idadi ya pasi na tiketi wanazouza. Yaani biashara iliyokataa wateja, na ikaishi vizuri tu. Kisha mwaka 2024 ukanunuliwa na Alterra, wenye Ikon.

Kwa kulinganisha, Machi nililipa siku moja Loveland, mlima unaojitegemea, uliokaa juu ya lile handaki lenyewe, kwamba magari ya wenye pasi yanapita chini yako yakielekea kwingine. Haumo kwenye pasi zile mbili. Tiketi haikufika nusu ya bei ya dirishani ya wakubwa. Lifti nyingi ni za taratibu, upepo unakuchapa, chakula ni cha kawaida. Nilisubiri dakika tatu, pengine nne. Sikuhisi kwamba nina deni la kurudisha, na saa nane nilipochoka nikaondoka bila dhambi. Mwenye pasi haondoki saa nane. Anajilazimisha mpaka lifti zifungwe, magoti yanalia.

Kingine cha kusifia ni treni ya Winter Park Express kutoka Union Station, Denver. Inapita handaki la Moffat la mwaka 1928 na kukushusha hatua chache kutoka lifti. Nauli msimu wa 2024 hadi 2025 ilianzia dola 19 kwenda. Mlima wa Winter Park ni mali ya Jiji la Denver, Alterra wanauendesha tu, jambo ambalo wakazi wengi wa Denver hawalijui. Watoto walilala njia nzima, na mume wangu alikunywa kahawa akitazama dirishani, kitu ambacho I-70 haijawahi kumruhusu.

Basi, matokeo yangu. Siku 16 msimu mzima: tano za wikiendi, 11 za katikati ya wiki. Programu ya simu inahesabu miteremko. Wikiendi wastani ulikuwa mitano. Katikati ya wiki ilikuwa 15, na Jumanne moja ya Februari, theluji imeanguka usiku, sentimita kumi na kitu, niliteremka mara 19 na mara sita nilikaa peke yangu kwenye kiti cha watu sita. Niliimba. Kwa pesa ni kama dola 62 kwa siku, nafuu kuliko bei yoyote ya dirishani niliyoiona.

Kwa hiyo nikitoa nyota, kwa mtu wa zamu kama mimi, manesi, madereva, wapishi, wenye Jumanne na Jumatano zao: nne kati ya tano. Kwa familia yenye watoto wa shule, ambayo siku zake ni Jumamosi, sikukuu na ile wiki ya Krismasi ambayo pasi za bei nafuu hazifanyi kazi: mbili, na hiyo ya pili nimeitoa kwa huruma. Soma siku zilizofungwa kabla hujalipa. Ongeza maegesho, mafuta, kukodi vifaa, na chipsi na kipande cha kuku ambavyo kwa familia yangu vilifika dola 90. Beba ugali wako. Hakuna anayekukagua.

Mwaka huu nimebadilisha. Mimi nimechukua tena pasi, watoto na baba yao nimewachukulia ya siku nne tu, wachague siku kwa akili, siku nyingine treni au mlima mdogo. Bei ilikuwa inapanda wiki ile, nikalipa saa tano usiku kama wenzangu wote.

Kazini nina kaka yangu mmoja wa Goma, ambaye msimu mzima amekuwa akinicheka. "Mama Neema, weye unalipaka franga mingi hivi juu ya kuanguka mu baridi?" Nilimwonyesha video ya ile Jumanne, mteremko mzima mtupu, mweupe, hakuna hata alama ya mtu. Akakaa kimya. Zamu ilipokaribia kwisha akanifuata kwenye kabati la nguo. "Jumanne kuko nafasi mu gari?"

Nikamwambia iko. Habari ya viatu sijamwambia bado.